Maksai walioumia wapumzishwe



Naomba nafasi nitoe maoni juu ya maksai wanaolima huku Ufipa. Mvua za Novemba zikianza, ng'ombe waliokonda kwa kiangazi hufungwa nira ya mti usiochongwa vizuri. Ngozi ya shingo huchubuka, kidonda huoza, na kesho yake mnyama huchapwa avute plau. Plau ikikatika, fundi huitwa siku hiyo hiyo! Maksai akichechemea huuzwa kwa mchinjaji.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, lakini wangapi vijijini wameisikia? Nira ilainishwe, kidonda kioshwe, mnyama apumzike hadi apone. Nawaomba ndugu maafisa mifugo waje mashambani kabla ya msimu, wawafundishe na watoto, maana wanafunzi wangu ndio washika fimbo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sumbawanga, Rukwa.