Moyo Hauchoki kwa Siku Moja

Mfanyakazi apandapo ngazi za ofisi huku akihema, huambiwa amenenepa. Mama avimbapo miguu jioni, huambiwa amesimama mno sokoni. Maneno hayo si mageni Mwanjelwa mjini Mbeya, wala Kihesa mjini Iringa. Pengine ni kweli. Lakini pengine ni moyo ulioanza kushindwa kazi yake.

Mwaka 2014, Dk. Abel Makubi, bingwa wa magonjwa ya damu, pamoja na wenzake walichapisha katika jarida la Heart la Uingereza utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Waliwafuatilia watu wazima 427 ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu ipasavyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Huko Ulaya, wengi wa wagonjwa wa namna hii wamekwisha kuvuka miaka 70. Kwetu maradhi haya humkuta mtu angali kazini, mwenye watoto shuleni na wazazi wanaomtegemea.

Chanzo chake ni nini? Asilimia 45 ya wagonjwa hao waliathiriwa na shinikizo la damu, asilimia 28 na maradhi ya misuli ya moyo, na asilimia 12 na homa ya baridi yabisi iliyoharibu vali za moyo. Tena, wenye upungufu wa damu na wale waliokosa elimu walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa.

Shinikizo la damu halina maumivu ya kumwonya mtu. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi, misuli yake ikanenepa na kukakamaa, na baada ya miaka ikalegea. Hapo maji hujaa mapafuni na miguuni; mgonjwa akashindwa kulala chali, akatafuta mito ya kuegemea usiku. Baridi yabisi nayo huanzia utotoni, kwa maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, jambo hili lina uzito wa pekee. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ipo Dar es Salaam: zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya, na kama 500 kutoka Iringa, kwa barabara iteremkayo Kitonga. Mgonjwa mahututi hawezi kungojea safari hiyo. Uhai wake umo mikononi mwa watu wa hospitali iliyo karibu naye.

Je, hospitali isiyo na mitambo mikubwa yaweza kufanya nini? Mwaka 2015 Dk. Tim Baker na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Muhimbili. Wauguzi walipewa utaratibu ulio wazi: kupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, pumzi, oksijeni na fahamu, na kipimo kikifikia kiwango cha hatari, kuchukua hatua papo hapo, kama vile kumpa mgonjwa oksijeni au maji ya mshipani. Kwa wagonjwa wote kwa pamoja tofauti ya vifo haikuwa kubwa. Lakini miongoni mwa walioingia shinikizo lao likiwa limeshuka mno, vifo vilipungua kutoka asilimia 92 hadi 69.

Ndugu msomaji, tafiti hizi mbili zafundisha jambo moja: kipimo chepesi, kikifuatwa na hatua ya mapema, huokoa maisha. Kila mtu mzima katika nyumba yako na apimwe shinikizo la damu. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa anajisikia mzima, maana huo uzima ndio kazi ya dawa. Punguza chumvi mezani. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe zahanati, na anayehema akiwa amelala apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta wa moyo haujengwi upya kwa urahisi.