Utangulizi: Wanasesere na Giza

Mwanasesere husalitiwa na majirani zake. Msimamishe bustanini mchana askari wa plastiki wa sentimita 15, aliyetengenezwa kwa kipimo cha 1:12 ili awe mtu wa mita 1.8. Papo hapo jani la nyasi lenye upana wa sentimita 1 linageuka ubao wa sentimita 12, na chembe ya mchanga ya milimita 1 inakuwa kokoto. Jicho limeshajua kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Usiku mashahidi hao wananyamaza, na anayechagua yupi azungumze ni wewe mwenye tochi. Ndiyo maana, msomaji, nakukaribisha katika fani hii ya kupiga picha za wanasesere kupitia giza kabla hatujagusa kamera.

Fani yenyewe ina wazee wake. Mwaka 1977 Mmarekani David Levinthal, pamoja na mchora katuni Garry Trudeau, alitoa kitabu Hitler Moves East, kilichosimulia vita vya Wajerumani upande wa mashariki kwa askari wa kuchezea. Picha nyingi mle zina ukungu na maumbo hayajakamilika, na nguvu yake imo humo humo: kisichoonekana, mtazamaji hukijaza mwenyewe kwa hofu yake. Halafu yuko Mark Hogancamp wa Kingston, jimbo la New York, ambaye mwaka 2000 alipigwa na wanaume watano nje ya baa hata akapoteza sehemu kubwa ya kumbukumbu zake. Kando ya nyumba yake alijenga Marwencol, mji wa Ubelgiji wa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kipimo cha 1:6, akawa anawapiga picha wakazi wake. Atakayesema huu ni utoto, kwanza aziangalie picha hizo.

Sasa mwanga. Ukizidisha umbali mara mbili, mwanga hubaki robo. Ukizidisha mara kumi, hubaki sehemu moja ya mia. Weka tochi sentimita 20 kutoka kwa mwanasesere. Ukuta ulio mita 2 kutoka kwenye tochi hiyo utapata sehemu moja ya mia ya mwanga anaoupata yeye, na pichani utakuwa mweusi tititi. Anayepiga picha za watu, taa yake ikiwa mita 2 kutoka kwa mtu, anahitaji mita 20 ili apate giza hilo hilo. Wewe unalipata uani. Tena karatasi nyeupe ya kawaida, yenye urefu wa karibu sentimita 30, ukiisimamisha kando ya mwanasesere imrudishie mwanga, ni mara mbili ya kimo chake. Mwenzako angetafuta kitambaa cha mita tatu na nusu. Natamani kila anayeanza alielewe jambo hili kabla ya kununua chochote: udogo unaopigana nao mchana, usiku ni mali yako.

Ukikisogelea mno kitu kidogo, sehemu inayoonekana vizuri hupungua hadi milimita chache. Macho yanakuwa makali, mabega yanayeyuka, na udogo unafichuka tena. Rudi nyuma kidogo, kisha bana tundu la lenzi, tuseme f/11. Mwanga utapungua, lakini mwanasesere hapumui wala hapepesi macho. Kamera ikiwa juu ya tripodi, iache wazi sekunde 20, nawe umzunguke na tochi ukipaka mwanga pale unapotaka. Adui ni upepo, na kipande cha nta chini ya nyayo kinatosha.

Mawili mengine kwa haraka. Taa za sodiamu za barabarani hazina buluu ya kutosha, kwa hiyo joho la buluu chini yake huonekana jeusi. Umande nao haujali vipimo: tone moja shavuni huonekana kubwa mno. Ufute.

Mwezi unastahili nafasi zaidi, kwa kuwa kila mtu huutaka. Angani upana wake ni karibu nusu digrii. Ili ulingane na kimo cha askari wetu, kamera lazima iwe karibu mita 17 kutoka kwake, na lenzi ndefu. Mwezi mpevu huchomoza jua linapotua; kwa hiyo katika pwani yetu ya Afrika Mashariki hupanda kutoka baharini wakati anga bado ina mwanga kidogo, na kwa muda mwezi na mchanga huweza kuingia katika picha moja bila kimojawapo kuungua. Muda huo ni mfupi, kwani karibu na ikweta jua huzama wima na utusitusi hupita upesi. Weka askari mahali pake mapema. Tatizo litakalobaki ni ukali: lenzi ndefu haiwezi kuwashika wote wawili. Wapo wanaopiga picha mbili na kuziunganisha baadaye. Mimi huchagua uso wa askari, mwezi nikauacha ufifie kingo, kwa sababu hadithi ni ya askari.