Magari Yaendeshwayo kwa Ethanoli ya Miwa

Petroli itumikayo Visiwani huletwa kwa meli, na bei yake hufuata masoko ya dunia. Brazil nayo ilikuwa ikiagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake bei zilipopanda ghafla mwaka 1973. Miaka miwili baadaye Serikali yake iliigeukia miwa.

Maji ya miwa au molasi huchachushwa kwa hamira, kisha hukenekwa hadi ipatikane ethanoli. Hiyo ndiyo spiriti iliyomo katika vileo, ingawa hapa haikusudiwi kinywa.

Mwaka 1979 yalianza kuuzwa nchini humo magari ya Fiat 147 yatumiayo ethanoli peke yake, na katikati ya miaka ya 1980 mengi ya magari mapya yalikuwa ya namna hiyo. Mwaka 1989 ethanoli iliadimika. Wenye magari walipanga foleni vituoni, wala hawakuweza kutia petroli badala yake. Imani yao ilirejea baada ya mwaka 2003, yalipotoka magari yapokeayo mafuta yote mawili kwa kadiri yoyote ya mchanganyiko.

Lita ya ethanoli ina nguvu ipatayo thuluthi mbili tu ya lita ya petroli. Kwa hiyo dereva wa huko huona faida pale bei yake isipozidi asilimia 70 ya bei ya petroli.

Wananchi wanatahadharishwa wasitie spiriti tupu katika gari la kawaida. Huharibu mipira na vyuma visivyotengenezwa kwa ajili yake, na injini huwaka kwa taabu.