MKONO ULIOPOOZA: UBONGO UNAJIFUNZA UPYA

Mtu akipigwa na kiharusi mkono ukalegea, tabu haipo mkononi, ipo kichwani. Mshipa wa damu umeziba au umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiuamuru mkono imekufa.

Lakini ubongo si jiwe. Seli zilizobaki jirani zinaweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa. Seli hizo zinaongea kwa kemikali ambazo mwili unajitengenezea. Mojawapo ni dopamini. Mgonjwa akijaribu kushika kitu akafaulu, dopamini inatoka, ni kama ubongo unaambiwa: "Hivyo hivyo, rudia!" Nyingine ni serotonini, inayohusika na usingizi na furaha.

Basi si tupewe tu vidonge vya kuziongeza? Madaktari wamejaribu. Katika jaribio la Ufaransa la wagonjwa 118, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2011, waliopewa fluoksetini, dawa ya kuongeza serotonini, walipata nguvu za viungo kuliko wenzao. Watu wakafurahi. Lakini mwaka 2018 Uingereza ilitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa zaidi ya 3,000: dawa haikuwasaidia katika shughuli zao za kila siku, tena waliokunywa walivunjika mifupa zaidi. Kwa hiyo tusipoteze pesa sokoni kutafuta kidonge cha kuamsha mkono.

Kilichosaidia ni kazi. Katika jaribio la Marekani, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2006, wagonjwa ambao vidole vyao vilikuwa vinasogea kidogo walivalishwa glavu kwenye mkono mzima kwa wiki 2, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Walipona vizuri kuliko wale wa matibabu ya kawaida.

Sisi kwa huruma tunamlisha mgonjwa, tunamvalisha, tunamfanyia kila kitu. Hapo tunaunyima ubongo somo lake. Tumwachie ashike kikombe, achambue maharage, akunje nguo. Kidogo kidogo, mara nyingi, kila siku, hata kama anachelewa. Ila tusimwinue kwa kuvuta mkono uliolegea, maana bega linaweza kuteguka.

Na akikaa kimya, akilia ovyo, akikataa chakula, tusiseme amelogwa au ni mvivu. Huzuni baada ya kiharusi ni ugonjwa, na una dawa. Tumpeleke kwenye kituo cha afya. Akiandikiwa vidonge vya huzuni, hata kama ni fluoksetini, avinywe kama alivyoelekezwa, maana mwenye moyo uliokufa hawezi kufanya mazoezi.