Homoni, Ubongo na Tabia

Mtazame jogoo asubuhi. Hutoka bandani, hupiga mabawa, kisha huwika. Akimwona jogoo mgeni, husimamisha manyoya ya shingo na kumwendea ili wapigane. Sasa mtazame tetea. Yeye hula chakula kile kile na hulala katika banda lile lile, lakini hana haja ya kuwika. Mtazame na pora, yaani jogoo mchanga. Miezi michache iliyopita alikuwa kifaranga aliyekimbilia chini ya mabawa ya mama yake. Leo hujaribu kuwika kwa sauti ya kukwaruza, na tayari ameanza kutafuta ugomvi. Hakuna aliyemfundisha. Ni kitu gani kilichombadilisha?

Wafugaji walijua sehemu ya jibu tangu zamani. Walijua kwamba fahali akihasiwa angali mchanga, huwa mtulivu anapokua. Huyo ndiye maksai, ambaye hufungwa nira na kulivuta jembe. Lakini korodani ziko mbali na kichwa. Zinawezaje kubadilisha mambo yanayotokea kichwani?

Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Arnold Berthold, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Göttingen, alilichunguza jambo hili kwa kutumia mapora 6. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1849. Korodani za kuku hazionekani kwa nje. Zimo ndani ya mwili, karibu na uti wa mgongo. Berthold aliwaondolea mapora wawili korodani zote mbili. Wale wanne waliobaki aliwaachia kila mmoja korodani moja tu, lakini aliikata kutoka mahali pake na kuiacha katikati ya matumbo. Tena wawili kati ya hao wanne aliwabadilishia, kila mmoja akapewa korodani ya mwenzake.

Mapora wawili wa kwanza hawakuwa majogoo kamili. Vilemba vyao vilibaki vidogo, hawakuwika kama majogoo, wala hawakupenda kupigana. Wale wanne waliwika, walipigana, na waliwafuata matetea kama kawaida. Berthold alipowapasua baadaye, aliona kwamba korodani zilikuwa zimejishikiza kwenye matumbo na kupata mishipa mipya ya damu. Neva zake za zamani, yaani mishipa ya fahamu, zilikuwa zimekatika.

Fikiri kidogo kabla hujaendelea kusoma. Ikiwa neva zilikatika, habari ilifikaje kichwani? Njia iliyobaki ilikuwa moja tu, nayo ni damu.

Siku hizi tunajua kwamba korodani hutia ndani ya damu kemikali iitwayo testosteroni. Wataalamu walifaulu kuipata ikiwa safi mwaka 1935, kutoka katika korodani za fahali. Kemikali ya namna hii, ambayo hutengenezwa katika sehemu moja ya mwili na kuchukuliwa na damu ili ikabadilishe kazi ya sehemu nyingine, huitwa homoni. Mtaalamu wa Uingereza, Ernest Starling, alilitumia jina hilo mwaka 1905, akilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha. Kiungo kinachotengeneza homoni huitwa tezi.

Kwa hiyo mwili una njia mbili za kupeleka habari. Habari za neva huenda mbio sana. Katika neva zenye kasi kuliko zote hupita mita 100 kwa sekunde moja. Homoni huenda kwa mwendo wa damu, na hufika karibu kila mahali mwilini. Hata hivyo, si kila sehemu huitikia. Seli huitikia homoni fulani ikiwa tu ina vipokezi vya homoni hiyo, kama vile kufuli lisivyofunguka ila kwa ufunguo wake. Ndani ya ubongo zimo seli nyingi zenye vipokezi vya testosteroni.

Ubongo nao hutoa amri. Upande wake wa chini iko sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Chini ya sehemu hiyo inaning'inia tezi ya pituitari, ambayo kwa binadamu ina ukubwa wa punje ya njegere. Haipothalamasi hupokea habari za macho, za ngozi na za viungo vingine, kisha huiamsha tezi ya pituitari, na tezi hiyo huziamsha tezi nyingine. Watu wengine hudhani kwamba homoni ndizo bwana na mnyama ni mtumwa wao. Kuku anayeatamia anatuonyesha kwamba sivyo.

Bila shaka umewahi kumwona kuku wa namna hiyo. Huacha kutaga. Hukaa kiotani kwa siku 21 hivi, hutoka kidogo tu kula na kunywa, na ukimkaribia hujitutumua na kukudonoa. Wakati huo tezi yake ya pituitari hutoa kwa wingi homoni iitwayo prolaktini. Lakini prolaktini hiyo inadumishwa na nini? Inadumishwa na mayai yenyewe. Manyoya ya kifuani yamepungua, na ngozi yake hugusana na mayai. Neva hupeleka habari za mguso huo kwenye ubongo, na ubongo huiamuru tezi iendelee kutoa prolaktini. Ndiyo sababu mfugaji asiyetaka kuku wake aatamie humtoa kiotani na kumfungia mahali pasipo na kiota wala mayai. Prolaktini hupungua, na baada ya muda kuku huanza kutaga tena. Homoni humfanya kuku apende kuatamia, na kule kuatamia humfanya apate homoni.

Vifaranga wanapoanguliwa, prolaktini hupungua mwilini, lakini mama haachi kuwalea. Sauti zao na kuwagusa humtosha. Akimwona mwewe, huwaita wakimbilie chini ya mabawa yake.

Sasa tumwache kuku, tumtazame mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Tembo dume aliyekomaa huingia mara kwa mara katika hali iitwayo masti. Testosteroni huongezeka sana katika damu yake. Majimaji humtoka kati ya jicho na sikio, mkojo humdondoka njiani, naye huwa mkali. Wataalamu Joyce Poole na Cynthia Moss waliieleza hali hiyo kwa tembo wa Afrika mwaka 1981, baada ya kuwachunguza tembo wa Amboseli nchini Kenya.

Katika hifadhi ya Pilanesberg, nchini Afrika Kusini, lilitokea jambo la kusikitisha. Tembo wachanga walipelekwa huko bila wazee wao. Walipokua, madume yaliingia katika masti mapema mno, na masti hiyo ilidumu muda mrefu. Kati ya miaka 1992 na 1997 madume hayo yaliwaua vifaru weupe zaidi ya 40. Wasimamizi wangeweza kusema kwamba homoni ndizo zilizoua, na kwamba hapakuwa na la kufanya ila kuwapiga risasi tembo hao. Lakini mwaka 1998 waliletwa madume 6 wakubwa kutoka hifadhi ya Kruger. Dume kijana akikutana na dume mkubwa aliye katika masti, hulazimika kumpisha, na masti yake mwenyewe hukatika upesi. Ndivyo ilivyokuwa. Masti ya vijana ilifupika, na mauaji ya vifaru yakakoma. Hakuna aliyewachoma sindano wala kuwapa dawa. Walipata wazee tu.

Wewe je? Tuseme unapita njiani jioni, na mbele yako waona kitu kirefu kimejikunja. Kabla hujasema "nyoka!", umekwisha ruka nyuma. Hiyo ni kazi ya neva. Wakati huo huo ubongo umeziamsha tezi mbili zilizo juu ya mafigo, nazo zimemwaga adrenalini katika damu. Moyo hupiga mbio, ini hutoa sukari kwa ajili ya misuli, mboni za macho hupanuka, na kinywa hukauka. Mwili umewekwa tayari kupigana au kukimbia. Kisha unatazama vizuri na kuona kwamba ni kamba. Ubongo wako umejua ukweli, lakini moyo bado unadunda. Kwa nini? Adrenalini iliyokwisha kuingia katika damu hairudi ilikotoka. Hukaa kwa dakika chache mpaka mwili uivunje.

Yako mabadiliko mengine yasiyo ya dakika chache. Wasichana wengi kati ya umri wa miaka 8 na 13, na wavulana wengi kati ya miaka 9 na 14, huanza kubalehe. Haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, na pituitari huziamsha ovari za msichana au korodani za mvulana. Sauti ya mvulana huanza kukwaruza, kama ya yule pora. Mtu anaweza kukasirika au kulia kwa jambo dogo, na mwenyewe asijue sababu. Huu si ugonjwa wala hajarogwa.

Lakini binadamu si pora. Nyuma ya paji la uso wako iko sehemu ya ubongo inayopima mambo kabla ya kutenda na kuizuia mikono isimpige mwenzio. Sehemu hiyo hukomaa polepole, hadi mtu anapofikia umri wa miaka kama 25. Watu wanapopimwa testosteroni, kipimo hicho peke yake hakiwezi kukuambia ni nani mgomvi na ni nani mpole. Mvulana anayewapiga wenzake na kusema kwamba ni damu yake inayochemka, hajasema kweli yote.

Fanya jaribio hili pamoja na mwenzako. Siku utakayotakiwa kusimama mbele ya darasa na kusema, kaa kimya kwanza, naye akuhesabie mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika moja. Jina lako likiitwa, ahesabu tena kabla hujasimama. Baada ya kusema na kurudi kuketi, ahesabu kila dakika mpaka mapigo yarudi kama mwanzo. Andika hesabu zote katika daftari. Hukukimbia wala hukubeba mzigo. Ni nini kilichouharakisha moyo wako, na kwa nini haukutulia mara tu ulipoketi?