Kuwaita Wasomaji Nyumbani Kwako: Blogu na Mitandao ya Kijamii

Mwenye daftari alifungue. Mwenye simu aiweke kando kwanza, tutaihitaji mwishoni.

Mtakumbuka kwamba blogu ni kama daftari lililowekwa katika intaneti. Mwenyewe huandika humo mambo anayoyajua, na andiko jipya hukaa juu ya lile la zamani. Mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti aweza kulisoma, awe Mbeya, awe Mombasa, awe Muscat. Wengine wenu mmekwisha kufungua blogu zenu. Leo tutazungumza juu ya swali ambalo kila mwenye blogu mpya hujiuliza: nimeandika, mbona hakuna anayesoma?

Swali hili si dogo. Mtu aliyejifunza kuandika ukubwani hutumia usiku mzima kuandika jambo alilolijua kwa miaka thelathini. Asipopata hata msomaji mmoja, huvunjika moyo, akaacha kuandika. Naye akiacha, ujuzi wake hukaa naye mpaka siku atakapoondoka, na wajukuu hawaurithi.

Yalinipata mimi pia. Nilipofungua blogu yangu ya kwanza, niliona baada ya majuma matatu kwamba imefunguliwa mara 11. Nilifurahi sana, mpaka nilipokumbuka kwamba mara 9 kati ya hizo nilikuwa ni mimi mwenyewe nikiitazama.

Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, maana bidhaa zimepangwa chini na kila apitaye huziona. Lakini mkeka mzuri uliofungiwa chumbani haujiuzi, kwa sababu hakuna aliyeuona. Blogu mpya ni mkeka uliofungiwa chumbani. Ni lazima utoke, ukawaambie watu kwamba upo.

Tutawaambia wapi? Katika mitandao ya kijamii, yaani zile sehemu za intaneti ambapo watu hukutana, huamkiana, huonyeshana picha na kupeana habari. WhatsApp, Facebook, Instagram, X, YouTube na TikTok ni baadhi yake.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Blogu ni nyumba yako. Mtandao wa kijamii ni baraza la mtu mwingine. Barazani unakaribishwa, unazungumza, unapata marafiki; lakini mwenye baraza akifunga mlango, huna la kufanya. Kwa hiyo tunakwenda barazani kuwaalika watu waje nyumbani. Hatuhamishii vyombo vyetu vyote barazani.

Nitawapa mifano mitatu ya kweli. Kampuni ya Google ilikuwa na mtandao wake ulioitwa Google+. Mwezi wa Aprili 2019 iliufunga kwa watu wote wa kawaida, na maandishi yao yakafutwa, isipokuwa ya wale waliowahi kuchukua nakala. Mfano wa pili: tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa muda wa saa sita hivi duniani kote, kwa kuwa zote tatu ni za kampuni moja. Mfano wa tatu: mwezi wa Mei 2025, mtandao wa X ulizuiwa nchini Tanzania. Mtu aliyekuwa na wasomaji wake wote hapo aliamka asubuhi hawaoni. Mwenye blogu, aliyewazoesha wasomaji wake njia ya nyumbani, hakuwapoteza wote.

Nyumba iliyo nzuri watu huizoea. Bwana Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa habari wa Tanzania, alianza blogu yake mwaka 2005. Wakati huo WhatsApp haikuwapo. Ilianza mwaka 2009. Instagram nayo haikuwapo mpaka mwaka 2010. Hata hivyo blogu ile ilipata wasomaji wengi, na wengi wao walikuwa Watanzania walio ng'ambo, kwa sababu walikuta humo picha mpya za nyumbani. Basi kabla ya kuwaalika watu, hakikisha kuna kitu cha kuwakirimu. Uwe na maandiko matano au sita mazuri, ndipo uanze kuita.

Tutwae mfano. Tuseme yuko mama mmoja mkulima. Ameandika katika blogu yake namna ya kukausha mahindi sawasawa, na kuyatia katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wafe kwa kukosa hewa. Andiko hili laweza kuokoa chakula cha nyumba nzima. Atalitangazaje? Kila baraza lina desturi yake, kwa hiyo andiko lile lile atalipeleka kwa sura mbalimbali.

Kwanza, WhatsApp. Hapa ni mahali pa watu wanaokujua. Mama wetu atanakili kiungo, yaani ile anwani ya andiko lake ambayo mtu akiigusa hufunguka. Atakituma kiungo katika kundi la ushirika wake, na juu yake ataandika maneno machache: "Ndugu zangu, mwaka jana dumuzi walitumaliza. Nimeandika hapa namna nilivyoyahifadhi yangu." Asitume kiungo kitupu, maana watu wengi huogopa kugusa kitu wasichokijua, nao wana haki ya kuogopa. Aweza pia kukiweka katika hali yake, ile ambayo watu wengi huiita status. Lakini ajue kwamba hutoweka baada ya saa 24. Tena atazame kundi lenyewe ni la nini. Kundi la msiba si mahali pa kutangaza blogu.

Pili, Facebook. Huku kuna makundi ya watu wasiojuana ambao wana haja moja, kama vile wakulima, wafugaji, au wapishi. Mama wetu atajiunga na kundi la wakulima, na kwa siku chache atasikiliza tu na kujibu maswali ya wenzake. Mgeni hafiki barazani na kuanza kunadi bidhaa kabla ya kuamkia. Akisha kufahamika, atauliza swali: "Je, ninyi mnahifadhi mahindi yenu vipi?" Watu wakianza kujibu, ataweka kiungo chake. Ajue pia kwamba Facebook haimwonyeshi kila mtu kila kitu. Mashine yao huchagua, na hupendelea kuonyesha yale yanayozungumzwa. Kwa hiyo mtu akimwuliza jambo, amjibu upesi, na kwa adabu.

Tatu, Instagram. Huku picha ndiyo husema. Mama wetu ataweka picha mbili: moja ya mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, na ya pili ya mahindi yake masafi. Lakini kuna jambo moja huwapoteza wengi. Ukiandika kiungo katika maelezo yaliyo chini ya picha, msomaji akikigusa hakifunguki. Kiungo hukaa katika wasifu wako, pale juu penye jina lako. Chini ya picha andika hivi: "Maelezo yote yako katika blogu yangu, kiungo kiko kwenye wasifu."

Nne, X, ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Twitter. Huku maneno ni machache. Asiyelipa huandika herufi zisizozidi 280 kwa mara moja, na nafasi kati ya maneno nayo huhesabiwa. Ni mazoezi mazuri kwetu tunaojifunza kuandika. Twaa andiko lako lote, ulifupishe mpaka libaki sentensi moja au mbili, kisha utie kiungo. Kama huwezi kulifupisha, huenda hujajua bado unataka kusema nini.

Tano, YouTube na TikTok. Hizi ni baraza za filamu. Mama wetu amwombe kijana wa nyumbani amshikie simu kwa dakika moja, naye aonyeshe namna anavyoufunga mfuko wake. Mwishoni alitaje jina la blogu yake kwa mdomo, polepole, mara mbili, na kuliandika juu ya picha ili watazamaji walione.

Sasa usishike kichwa, ukasema, nitayaweza wapi haya yote? Hakuna aliyekuambia uende kote. Bando ni ghali na siku ina saa 24 tu. Jiulize: watu ninaowaandikia hukaa wapi? Kama ni majirani na wanaushirika, WhatsApp na Facebook zatosha. Kama unaandika juu ya mishono ya nguo, Instagram itakufaa zaidi. Chagua baraza mbili, uzizoee. Anayekimbilia soko kumi kwa siku moja hauzi hata katika moja.

Kuna kanuni tatu za kushika popote uendapo.

Kanuni ya kwanza: toa kionjo, usitoe chungu kizima. Ukiandika habari yote barazani, nani atakuja nyumbani? Lakini kionjo kiwe cha kweli. Usiahidi jambo ambalo andiko lako halina. Msomaji aliyedanganywa mara moja harudi, tena huwaambia wenzake.

Kanuni ya pili: usijisifu kila saa. Ukisema mara moja juu ya blogu yako, sema mara tatu au nne juu ya kazi za wenzako, wapongeze, wajibu. Nao watakukumbuka.

Kanuni ya tatu: linda funguo zako. Hapa nitawasimulia kosa langu, ili lisiwe lenu. Siku moja mtu alinipigia simu, akasema ametuma kwangu tarakimu sita kwa makosa, akaniomba nimsomee. Sauti yake ilikuwa ya upole, nami nikamsomea. Kumbe tarakimu zile zilikuwa ufunguo wa akaunti yangu. Kabla ya jua kuchwa aliingia katika akaunti, akanitoa, akaanza kuwaomba marafiki zangu fedha kwa jina langu. Watu waliokuwa wakinifuata hapo walikuwa zaidi ya 700, na sikuwapata tena. Mwanafunzi wangu wa zamani alituma shilingi elfu hamsini, akidhani nimelazwa hospitali. Nilimrudishia fedha zake, lakini aibu ile ninayo hata leo.

Basi shikeni neno hili: tarakimu za siri haziombwi na mtu mwema. Usimpe mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa. Lakini tazameni jambo jingine. Akaunti ile iliibwa, lakini blogu yangu ilibaki, kwa kuwa ilikuwa na neno lake la siri tofauti. Maandiko yangu yote yalikuwa humo. Nilianza tena kuwaita wasomaji, mmoja mmoja, na walipofika walikuta nyumba ingali imesimama. Hata hivyo, kila andiko lako liwe na nakala katika daftari la karatasi au mahali pengine, maana hata nyumba huungua.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya sheria. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni juu ya maudhui ya mtandaoni, na blogu zilitajwa humo. Kanuni nyingine zilitolewa mwaka 2020, zikarekebishwa mwaka 2022. Kwa hiyo usitegemee habari za kusikia. Mwenye blogu aulize kwanza katika ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama blogu ya aina yake yahitaji leseni. Msikilizaji wa nchi nyingine aulize kwao. Kuuliza si ujinga.

Sasa chukueni simu zenu. Kila mmoja achague andiko lake moja, aandike sentensi mbili za kulitangaza, na amsomee jirani yake. Jirani aseme kweli: je, ungekuja? Akisema hapana, andika tena.

Wala usihesabu wasomaji kila asubuhi kama nilivyofanya mimi. Mkulima mmoja akisoma andiko la mama yule, na gunia lake moja likasalimika, kazi yake haikupotea.

Somo letu la leo limekwisha. Juma lijalo, panapo majaliwa, tutajifunza namna ya kuwajibu wasomaji wanaotupinga. Kwaherini, na alamsiki.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kiungo: anwani ya mahali katika intaneti, ukiigusa, mahali hapo hufunguka.
Wasifu: maelezo mafupi juu yako yanayokaa penye jina lako katika mtandao.
Akaunti: nafasi yako katika mtandao, ambayo huingia humo kwa neno la siri.
Nakala: andiko lililo sawa na lile la kwanza, la kuwekwa akiba.

MASWALI YA DARASA

1. Blogu na mtandao wa kijamii vina tofauti gani?
2. Ni mambo gani yaliyotokea mwaka 2019 na mwaka 2021, nayo yatufundisha nini?
3. Kwa nini kiungo kisitumwe peke yake bila maneno?
4. Katika Instagram, kiungo huwekwa wapi?
5. Mtu asiyemjua akimwomba mama yako tarakimu sita zilizofika katika simu yake, utamshauri mama yako nini?