Neno la Kiingereza "Stagger" na Matumizi Yake

Mwanafunzi akiuliza maana ya neno la Kiingereza "stagger", walimu wengi humjibu kwa neno moja, "kupepesuka", kisha huendelea na somo. Jibu hilo si kosa, lakini ni nusu ya jibu. Na nusu ya pili isipofundishwa, humpoteza msomaji mahali asipotazamia.

Mfano wake ni huu. Katika Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, Waraka kwa Warumi, sura ya 4, mstari wa 20, neno hili latumika juu ya Ibrahimu, kwamba yeye hakufanya hivyo mbele ya ahadi ya Mungu. Nao mstari wa 19 wataja mwili wake uliochakaa, umri wake ukiwa kama miaka 100. Basi msomaji ajuaye "kupepesuka" tu hudhani kwamba habari ni ya miguu ya mzee, naye asifiwa kwa kusimama imara pasipo mkongojo. Sivyo. Habari ni ya moyo: hakusitasita wala hakuingiwa na shaka. Waliosahihisha tafsiri hiyo waliliondoa neno "stagger" mahali hapo katika chapa ya mwaka 1881, wakaweka "waver", ambalo maana yake ya kusitasita ni wazi zaidi.

Kwa hiyo yafaa tulitazame neno tangu asili yake. Latoka katika lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, waliofika Uingereza kwa vita tangu mwisho wa karne ya 8, kisha wengine wakakaa huko na kuacha maneno mengi. Kwao "staka" ni kusukuma, na "stakra" ni kusukuma tena na tena. Hata katika Kiingereza cha leo, mwisho wa "-er" katika vitenzi kadha wa kadha waonyesha tendo lirudiwalo. "Pat" ni kugusa kwa kiganja. "Patter" ni kugonga kidogo kidogo mfululizo, kama matone ya mvua juu ya bati. Sisi hupata maana kama hiyo kwa kulirudia shina: yumba, yumbayumba; sita, sitasita. Lakini mwalimu asiifanye kuwa kanuni ya maneno yote, kwa kuwa "enter" na "offer" hazimo katika jamii hii.

Maana ya kwanza ya "stagger" ni mwendo wa mtu au mnyama aendaye kwa miguu, ambaye nguvu au fahamu zimempungukia: mlevi, mgonjwa aliyeinuka kitandani, mchukuzi aliyelemewa na mzigo, au mtu aliyepigwa kichwani. Hapa ndipo wanafunzi wetu hukosea. Kwa Kiswahili mtu huyumba, na meza huyumba, na chombo huyumba baharini. Basi mwanafunzi huandika kwa Kiingereza kwamba meza "staggers", na msomaji hucheka. Meza, au gurudumu lililolegea, husemwa "wobble". Mtoto anayeanza kutembea, na mzee aliyedhoofika, husemwa "totter". Mwenye kizunguzungu husemwa "reel", na chombo kinacholala upande mmoja kwa ghafula husemwa "lurch". Wafugaji nao huita "staggers" ugonjwa unaomfanya mnyama apepesuke. Mmojawapo huwapata ng'ombe na kondoo waliopungukiwa na madini ya magnesi.

Maana ya pili ni kumfanya mtu awe kama aliyepigwa. Mwingereza akisema kwamba habari fulani imemfanya "staggered", hakuanguka wala hakulewa, ameshtuka mno. Vivyo hivyo kiasi cha fedha kiitwacho "staggering" ni kikubwa cha kustaajabisha.

Maana ya tatu ni kupanga vitu visilingane katika mstari mmoja, au mambo yasitukie kwa wakati mmoja. Ili aikumbuke, mwanafunzi na azifikirie nyayo za mlevi mchangani, moja huku na moja kule. Katika mbio za mita 400, wakimbiaji hawaanzi sambamba, kwa kuwa njia ya nje ni ndefu zaidi penye kona. Kuanza kwa namna hiyo huitwa "staggered start". Nazo "staggered hours" ni saa za kazi zilizopangwa ili watu wasiingie na kutoka wote pamoja. Anayetafsiri hapa "saa za kupepesuka" ameandika upuzi, ingawa kila neno amelitoa katika kamusi.

Kwa hiyo mwalimu na amzoeze mwanafunzi kuuliza mambo matatu kabla ya kutafsiri. Nani au nini kinachotajwa: mwenye miguu, moyo wa mtu, au mpango wa vitu? Sababu yake ni nini: udhaifu, mshtuko, shaka, au kusudi la mpangaji? Na je, Kiswahili husemaje juu ya kitu hicho hicho? Akisha kujibu ndipo achague: kupepesuka, kusitasita, kushtuka, au kupishanisha. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo, hata akifika kwenye habari za Ibrahimu, hatamtafutia mkongojo.